Wamerithi mkoba wa JM, wakaliacha swali lake

Kila unapowadia mwezi Machi, jina la Josiah Mwangi Kariuki hutajwa tena. Hutajwa magazetini, hutajwa vyuoni, hutajwa hata na wanasiasa ambao, lau marehemu angekuwa hai leo, wangemwepuka kama aepukwavyo mgonjwa wa ndui. Mwaka 2025 ilitimia miaka 50 tangu auawe. Nusu karne ni muda wa kutosha kwa taifa kuamua linamkumbuka mtu kwa sababu gani. Maoni yangu ni kwamba sisi Wakenya hatujaamua vyema. Wananchi tumeyahifadhi machozi ya JM, na wanasiasa wetu wameuhifadhi mkoba wake. Lile swali lililompa uzito, na ambalo yamkini ndilo lililomponza, tumelitupa kando ya njia.

Nayaandika haya nikiwalenga hasa walimu wenzangu wa somo la historia pamoja na wanafunzi wao. Nimesahihisha insha nyingi ambamo JM hupewa sentensi moja tu: alikuwa mbunge maarufu aliyeuawa mwaka 1975. Sentensi hiyo haina kosa la tarehe, lakini inamwanza mtu mwishoni mwake. Anayejua tu jinsi mtu alivyokufa hajui aliishi kwa ajili ya nini.

Tuanzie basi mwanzoni, na mwanzo wenyewe hauko mbali nasi. JM alizaliwa Machi 1929 huko Kabati-ini, hapa hapa Nakuru, katika familia iliyotoka Nyeri ikaja kuishi katika Bonde la Ufa kama maskwota. Skwota alikuwa mtu aliyeruhusiwa kulima kipande na kuchunga mifugo michache kwenye shamba la mlowezi, sharti amfanyie mlowezi huyo kazi. Hakuwa mtumwa, wala hakuwa na ardhi. Angeweza kuzaliwa shambani, akaoa shambani, akazeeka shambani, na bado akafukuzwa kwa notisi ya mwenye shamba. Huo ndio udongo uliomlea JM.

Karo ilimshinda, akaacha shule na kwenda kufanya kibarua. Fedha alizoshinda mwaka 1946 katika kamari ya mbio za farasi ndizo zilizomrejesha darasani, hata hatimaye akafika King's College Budo, Uganda. Mwalimu na atue hapo kidogo pamoja na wanafunzi wake. Mtoto huyu, aliyekuja kuwa miongoni mwa wasemaji hodari kupata kuingia katika Bunge letu, alisoma kwa bahati ya farasi. Je, ni wangapi wenye akili kama zake waliobaki vibarua maisha yao yote kwa kuwa farasi wao hakushinda?

Alirejea nyumbani Oktoba 1952, wakati ule ule hali ya hatari ilipotangazwa. Mwaka uliofuata alikamatwa, akatiwa kizuizini, akahamishwa kambi baada ya kambi kwa muda wa miaka saba hivi, hadi alipoachiliwa mwaka 1960. Huko kizuizini hakukaa kimya. Aliandika barua za malalamiko kuhusu mateso na hali mbaya za kambi, akazipenyeza nje, akapigwa kwa ajili yake, kisha akaandika tena. Kumbukumbu zake za miaka hiyo alizichapisha mwaka 1963 katika kitabu kiitwacho Mau Mau Detainee. Ni vyema mwanafunzi ajue kwamba silaha ya kwanza ya JM ilikuwa kalamu, tena kalamu ya mtu aliyekuwa hana chochote mfukoni.

Baada ya kuachiliwa aliingia KANU, akawa katibu wa faragha wa Mzee Jomo Kenyatta, na mwaka 1963 akachaguliwa kuingia Bungeni kuwakilisha wakazi wa Nyandarua. Baadaye alikuwa waziri msaidizi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi hudhani JM alikuwa mpinzani aliyetupa mawe akiwa nje ya ua. La hasha! Alikuwa mtu wa nyumbani. Alikula meza moja na waliotawala, akaijua serikali kwa ndani, na alipoanza kuuliza maswali hakuuliza kwa kubahatisha.

Swali lake lilikuwa gani? Ili kulielewa, sharti tukumbuke yaliyotukia katika mji huu wa Nakuru mnamo Agosti 1963. Hapa ndipo Mzee Kenyatta alipokutana na walowezi wa kizungu, akawasihi wasikimbie, wabaki walime, na pande zote mbili zisameheane. Hotuba ile ilisifiwa kote ulimwenguni, nami sidhani lilikuwa kosa kuchagua amani badala ya kisasi. Hata hivyo, msamaha ule ulikuwa na gharama, nayo haikugawanywa sawasawa. Walowezi waliotaka kuondoka walilipwa bei ya mashamba yao. Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, uliwapa baadhi ya Waafrika vipande vya ardhi, lakini kwa mkopo uliopasa kulipwa. Mashamba mengine makubwa yalihama yakiwa mazima mazima kutoka mikono michache myeupe hadi mikono michache myeusi. Skwota aliyekuwa amelilima shamba hilo tangu ujana wake alibaki kutazama tu.

JM alisimama Bungeni na katika mikutano ya hadhara akauliza: hivi ndivyo tulivyopigania? Alipinga wananchi kutwishwa deni la kununua ardhi ambayo babu zao hawakuiuza. Alitaka mtu mmoja asiruhusiwe kuhodhi ardhi bila kikomo ilhali jirani yake hana pa kujenga kibanda. Akaonya, kwa maneno ambayo bado yanakumbukwa, kwamba Kenya isigeuke kuwa nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Msomaji na azingatie hesabu hiyo. Sensa ya mwaka 1969 ilipata kwamba Wakenya walikuwa karibu milioni 11. JM hakuwa akizungumzia kundi dogo la maskini wa kuhurumiwa. Alikuwa akilizungumzia taifa zima likiwa upande mmoja, na watu wanaoweza kuketi katika sebule moja wakiwa upande wa pili.

Wako wanaosema kwamba mtu huyu alikuwa mnafiki, maana yeye mwenyewe hakuwa maskini. Ni kweli, hakuwa. Alikuwa na shamba Gilgil, alikuwa na biashara, alivaa vizuri na aliendelea kupenda mbio za farasi. Mwalimu asiwafiche wanafunzi mambo haya, kwani shujaa aliyepakwa chokaa hamfundishi mtu lolote. Lakini hoja ya unafiki ni dhaifu kuliko inavyosikika. Swali halipotezi uzito wake kwa kuwa muulizaji ameshiba. Na kama ni walioshiba, walikuwa wengi katika Kenya ya miaka hiyo. Wengi wao walinyamaza.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko mahali pengine, nayo haitajwi sana. JM alipendwa kwa mambo mawili yaliyoshikamana: ulimi wake na mkono wake. Alikuwa mtoaji mashuhuri katika harambee. Alichangia shule, alichangia makanisa, alifika mbali na eneo lake la Nyandarua, na kila alikokwenda aliacha fedha na marafiki. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na wa JM haukuwa mtupu. Umaarufu wake ulienea nchi nzima, ukavuka mipaka ya kabila, jambo lililokuwa adimu wakati huo na lingali adimu. Serikali ilipoona hivyo ikaanza kumnyima vibali vya mikutano. Hata hivyo, katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1974 wapiga kura wa Nyandarua Kaskazini walimrudisha Bungeni.

Lakini umaarufu uliojengwa juu ya mkono wa mtu mmoja hauna pa kuegemea mkono huo unapokatwa. JM hakuacha chama, kwa kuwa nchi ilikuwa na chama kimoja tu, nacho kilikuwa usingizini. Hakuacha muungano wa wakulima wala wa maskwota. Aliacha watu wengi waliompenda, na kupenda peke yake si mpango.

Mnamo tarehe 2 Machi 1975 alionekana kwa mara ya mwisho katika hoteli ya Hilton, Nairobi, akiwa na mkuu wa kikosi cha GSU, Ben Gethi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwili wake uligunduliwa na mchungaji wa Kimaasai katika vilima vya Ngong, ukalazwa katika mochari ya jiji kwa siku kadhaa bila jina, huku wananchi wakiambiwa kwamba mbunge huyo yuko Zambia. Ukweli ulipodhihirika, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandamana. Alizikwa Gilgil, mwendo usiotimiza saa moja kwa gari kutoka hapa Milimani.

Yaliyofuata ndiyo ambayo ningependa yafundishwe kwa kina, kwani ndiyo yaliyo na mafunzo makubwa kuliko kifo chenyewe. Bunge liliunda Kamati Teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale kuchunguza mauaji hayo. Kamati hiyo iliwahoji wakubwa, ikakataa kutishwa, na mwezi Juni ikawasilisha ripoti yake. Kabla ya kuwasilishwa, majina mawili ya watu wa karibu na Rais yalikwisha kuondolewa: la waziri Mbiyu Koinange na la mlinzi Arthur Wanyoike Thungu. Serikali ilitaka Bunge liipokee ripoti kwa kuitambua tu, bila kuikubali. Bunge likakaidi, likaikubali. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu walipiga kura kwa dhamiri zao. Wote watatu wakafutwa kazi.

Malipo hayakuishia hapo. Mark Mwithaga, mbunge wa mji wetu huu wa Nakuru aliyekuwa katika kamati hiyo, alijikuta gerezani mwaka uo huo kwa mashtaka mengine. Chelagat Mutai, mbunge kijana wa Eldoret Kaskazini aliyekuwa miongoni mwa wakosoaji wakubwa wa serikali, alifungwa kwa kosa la uchochezi. Oktoba ilipofika, Martin Shikuku alisema Bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokwisha kuiua KANU. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge, wakatiwa kizuizini hadi mwaka 1978.

Watu hawa walitoka Bungoma, Kakamega, Nandi, Kajiado na Nakuru. Hawakuwa na damu moja na marehemu, wala si wote waliokuwa wandani wake. Hawakuwa wakigawa hundi. Walichokuwa nacho ni kiti kimoja kimoja Bungeni, kanuni za Bunge, na ujasiri. Kwa muda wa miezi michache tu ya mwaka 1975, swali la JM lilibebwa na taasisi badala ya mtu, na ndiyo maana lilitisha. Kumwua mtu mmoja kulihitaji usiku mmoja. Kuinyamazisha taasisi kulihitaji mahakama, magereza, barua za kufutwa kazi na miaka kadhaa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Sasa tutazame kilichorithiwa. Wanasiasa waliokuja baada ya JM waliona jinsi alivyopendwa, wakajiuliza siri yake ni nini, wakaona mkoba. Wakauchukua. Tangu hapo tumelea siasa ambazo ndani yake kiongozi hupimwa kwa uzito wa bahasha anayoiweka juu ya meza ya harambee, bila kuulizwa ameitoa wapi. JM alitoa na kuuliza; warithi wake wanatoa ili wasiulizwe. Mwaka 2003 Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ilijaribu kuutia mtindo huu lijamu. Julai 2024, baada ya vijana kuandamana, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Haukupita muda mrefu kabla ya bahasha kuonekana tena makanisani. Ugonjwa huu hautibiwi kwa matangazo maadamu sisi wananchi bado tunanyoosha mikono.

Na lile swali je? Liko hapo lilipoachwa. Huku kwetu Milimani, mtaa uliotengewa Wazungu zama za ukoloni na ambamo Ikulu ya Nakuru imo hadi leo, nyumba zimekaa kwa nafasi, kila moja na bustani yake. Teremka mlima, pita katikati ya mji, endelea hadi Kaptembwo na Rhonda, utaona familia nzima ikiishi katika chumba kimoja. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, lakini mteremko wake haukubadilika. Toka nje ya jiji, na ardhi itakusimulia hadithi chungu zaidi. Molo, Njoro na Olenguruone zilifuka moshi wakati wa mapigano ya miaka ya 1990, na moto ukarudi mwaka 2008 hadi Nakuru na Naivasha kwenyewe. Siasa ndizo zilizowasha kiberiti, hapana shaka. Lakini kuni zilikuwa zimekauka tangu siku za maskwota, na waliochomeana nyumba walikuwa maskini kwa maskini. Wenye maelfu ya ekari hawakulala nje.

Katiba ya mwaka 2010 ililisikia swali hilo. Kifungu cha 68 kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kuweka kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ambayo mtu binafsi anaweza kumiliki. Jambo alilolipigia JM kelele likawa agizo la Katiba! Mswada wa viwango hivyo ulichapishwa mwaka 2015, lakini haukuwa sheria. Wako wanaohoji kwamba kikomo kitaharibu kilimo kikubwa kinachotuletea fedha za kigeni, na kwamba vipande vidogo vidogo tayari vinatutia njaa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na kiwango cha haki kwa shamba la ngano la Njoro huenda kisiwe haki kwa shamba la mahindi la Bahati. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kujadili mswada. Haiwezi kuwa sababu ya kuufungia kabatini. Hofu ya kweli, naamini, si ya njaa. Ni hofu ya kuhesabiwa ekari.

Walimu wenzangu, tufanye nini basi? Tumfundishe JM kama mtu kamili: mtoto wa skwota, mahabusu, katibu wa Rais, tajiri, mtoaji na mwulizaji. Tusome pamoja na wanafunzi wetu habari za Bunge la mwaka 1975 kwa bidii ile ile tunayotumia kuwakaririsha tarehe za mikutano ya Lancaster. Tuwape zoezi la kulinganisha alichodai JM na kinachoagizwa na Kifungu cha 68, kisha waeleze kwa nini pengo lipo. Tusiwape jibu.

Nanyi wanafunzi, msingoje JM mwingine. Vijana waliojitokeza barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha walisema hawana kiongozi, na wazee wengi wakawacheka. Mimi sikucheka. Mswada ule uliondolewa, ingawa kwa gharama ya maisha ya wenzenu. Swali linalobebwa na wengi ni gumu kuliviziwa hotelini. Lakini barabara nayo si makao. Swali likikosa chama, kamati, chama cha wafanyakazi, gazeti la shule au kiti Bungeni, litachoka na kulala. Kazi ya kulijengea makao ni yenu.

Na kiongozi ajaye shuleni kwenu akiwa na bahasha, mwambieni karibu. Kisha mwulizeni, kwa adabu na kwa sauti inayosikika hadi safu ya nyuma, ana ekari ngapi, na ataupigia kura mswada wa ardhi au la.